Kifusi Kimetoka Wapi? Namna Ardhi ya Viwanda vya Zamani Inavyosafishwa

Mama alipokuwa anajaza kiwanja chake cha bondeni kule Kinyerezi, matipa yalikuwa yanakuja alfajiri, kabla foleni ya Tabata haijakaza. Matatu ya kwanza yalileta kifusi kizuri: udongo mwekundu, vipande vya tofali, mabaki ya zege. La nne likamwaga udongo mweusi, unang'aa kama mtu kaumwagia oili, na harufu yake ikatufikia barazani kabla dereva hajazima injini.

"Shikamoo mama. Hiki kimetoka mjini, kinashikana vizuri sana."

"Marahaba mwanangu. Mbona kinanuka dizeli?"

Dereva akaeleza bila kuficha. Kuna kiwanda cha zamani upande wa Barabara ya Pugu kimebomolewa, pale linakuja ghorofa, wanachimba chini wapate maegesho ya magari, na udongo unaotoka ndio huu. Huko aliambiwa atoe udongo. Huku mama alikuwa anatafuta udongo. Mama akakataa. Vijana wa mtaani wakaupakia tena kwa koleo, mama akawalipa, na dereva akapewa hela ya mafuta ya safari. Nilifurahi kwamba mzigo umeondoka kwetu. Ilipita miezi kabla sijajiuliza ulikwenda kumwagwa kwa nani.

Nimelifuatilia swali hilo kwa muda mrefu, na kila nilipoligusa limenirudisha pale pale: ardhi ya kiwanda cha zamani ikipewa matumizi mapya, kazi nzito ni kuujua udongo ulivyo na kujua unakokwenda. Mashine na kemikali huja baadaye.

Dar es Salaam inajengwa juu ya viwanda vyake yenyewe. Ukitoka Kariakoo kwenda uwanja wa ndege kwa Barabara ya Nyerere, ambayo wengi wetu bado tunaiita Pugu Road, unapita ukanda wa viwanda uliolilisha jiji kwa miongo: Gerezani, Keko, Chang'ombe, Vingunguti. Upande mwingine kuna Ubungo, ambako kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Ubinafsishaji ulipokuja miaka ya 1990, viwanda vingi vya umma viliuzwa. Vingine viliendelea, vingine vikageuka maghala, kumbi za harusi, nyumba za ibada, yadi za magari. (Urafiki naitaja kwa historia tu. Kiwanja hakihukumiwi kwa jina, kinahukumiwa kwa vipimo.) Sasa bei ya ardhi imepanda kiasi kwamba ghala linalipa zaidi likibomolewa. Mimi naliona ni jambo jema. Mji usiotumia tena ardhi yake ya ndani huishia kula mashamba ya Kisarawe na Mkuranga, na watu wake huzeekea kwenye daladala.

Kinachobaki ardhini

Kiwanda cha biskuti na karakana ya betri vyote vinaitwa viwanda, lakini ardhi vinazoziacha hazifanani hata kidogo. Kinachobaki hutegemea kilichokuwa kinatengenezwa, na mara nyingi zaidi hutegemea kilichokuwa kinamwagwa nyuma ya jengo.

Uchafu tunaoujua wote ni mafuta: dizeli, mafuta mazito ya boila, oili chafu ya gereji. Unaonekana, unanuka, na kwa bahati nzuri ndio unaosafishika kwa urahisi zaidi, kwa sababu kuna vijidudu vya udongoni vinavyoula. Uchafu wa pili ni viyeyushi, vile vimiminika vya kuondolea grisi kwenye vyuma, na vingine hutumika kufulia nguo bila maji. Mafuta yakifika kwenye maji ya ardhini huelea juu yake. Viyeyushi vyenye klorini ni vizito kuliko maji, kwa hiyo huzama, hupita, huendelea kushuka mpaka vikutane na tabaka la mfinyanzi, vikakaa hapo miongo mizima vikiachia sumu kidogo kidogo. Juu hutoa mvuke unaopenya kwenye nyufa za sakafu na kuingia chumbani. Mwenye nyumba hasikii chochote.

Asbesto nayo ipo, kwenye mapaa ya kijivu ya majengo mengi ya zamani. Shiti lililo zima halina madhara makubwa. Likivunjwa kwa nyundo wakati wa kubomoa, nyuzi zake ndogo kuliko unywele huingia kwenye vumbi na kwenye kifusi, na nyuzi hizo zikifika mapafuni hazitoki.

Lakini mimi kinachoninyima usingizi ni risasi. Namaanisha ile metali ya kwenye betri, rangi za zamani na solda. Mafuta huliwa na vijidudu, viyeyushi huvunjika polepole, risasi haiozi. Iliyomwagwa mwaka 1975 ipo mpaka leo, na kwa kawaida haijaenda mbali: hujishikiza kwenye udongo wa juu, pale pale mtoto anapocheza.

Tupige hesabu. Betri moja ya gari ina risasi kama kilo 10. Marekani, tangu mwanzoni mwa mwaka 2024, udongo wa eneo la makazi huanza kutiliwa shaka ukifikia miligramu 200 za risasi kwa kila kilo. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 400. Miligramu 200 kwa kilo maana yake tipa la tani 10 limebeba kilo 2 za risasi. Kwa hiyo risasi ya betri moja tu, ikisambaa vizuri, inatosha kufikisha tani 50 za udongo kwenye kiwango hicho. Ni matipa matano. Sasa waza yadi ambako betri zimepasuliwa kwa shoka kila siku kwa miaka 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima udongo kuzunguka viwanda vya kutengeneza na kuyeyusha betri katika nchi saba za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulikuta sehemu zilizochafuka kuliko zote zina zaidi ya miligramu 100,000 kwa kilo. Hapo tunasema zaidi ya sehemu moja ya kumi ya udongo ni risasi yenyewe.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hutambaa, hushika, hulamba vidole. Mwili wake hunyonya risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na inachoharibu ni ubongo unaojengwa. Mama yake ataambiwa shuleni kwamba mwanao mzito kuelewa, na hakuna atakayeukumbuka udongo.

Neno "safi" linavyotuchanganya

Kwa Kiswahili tukisema kitu ni safi, tunamaanisha hakina doa. Ndiyo maana mtu akisikia ardhi "imesafishwa" hudhani sumu yote imetoka. Wataalamu wa kazi hii hawafikiri hivyo. Wao hutazama mnyororo wa vitu vitatu: chanzo, njia na mpokeaji. Chanzo ni sumu yenyewe. Njia ni jinsi inavyosafiri: vumbi, maji ya mvua, maji ya kisima, mvuke, mboga. Mpokeaji ni anayeumia: mtoto, mfanyakazi, samaki. Hatari ipo pale vyote vitatu vinapoungana. Ukikata kiungo kimoja tu, umeiondoa hatari hata kama sumu ipo pale pale.

Chukua risasi ile ile, kiasi kile kile. Iwe chini ya zege nene la maegesho, haina njia ya kumfikia mtu. Iwe kwenye uwanja wa chekechea, ina njia kumi. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kiwanja ni hili: panajengwa nini? Ghala linaweza kuvumilia udongo ambao nyumba ya familia yenye bustani haiwezi. Ghorofa lililoinuliwa, chini yake magari, lipo katikati. Bustani ya mboga ndiyo inayodai usafi kuliko vyote.

Mantiki hii ni nzuri na ina mtego wake. Ukishakubali kuiacha sumu chini ya zege, umejipa kazi ya kulilinda zege hilo milele. Miaka 30 baadaye anakuja mmiliki mpya, anataka kuchimba karo la maji taka, hana habari ya kilichomo. Kufunika bila kuandika kwenye jalada la kiwanja ni kumwachia mjukuu wa mtu mwingine mzigo asioujua.

Tena Dar es Salaam ina njia moja ambayo miji mingi ya Ulaya na Marekani haina kwa wingi huu: kisima. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga wa pwani, na mchanga hupitisha maji haraka. Karibu na bahari, kama Msasani, Mikocheni na Kurasini, ukichimba mita chache unayakuta. Tangu ukame wa mwaka 1997 visima vya kuchimbwa vimezagaa kila mtaa, vya watu binafsi, vya misikiti, vya wauza maji. Masika yakija maji ya ardhini hupanda, huyagusa mafuta yaliyokuwa yamekaa kavu, huyanyanyua na kuyasogeza. Kiangazi hushuka nayo. Mpimaji aliyekuja Septemba na kuondoka ameona nusu ya hadithi. Kisima cha uchunguzi hupimwa masika na kiangazi.

Kupima, kabla ya koleo

Hapa niseme jambo ambalo mafundi wengi watalikubali mara moja. Hapa mjini tunapima udongo. Hakuna mhandisi makini atakayejenga ghorofa sita bila kuleta mtambo wa kutoboa, kuchukua sampuli na kuandika ripoti kwamba udongo utabeba uzito kiasi gani. Fedha hiyo hutolewa bila ubishi. Lakini ripoti hiyo hupima nguvu ya udongo, haipimi sumu. Mtambo uko pale, shimo limeshatobolewa, sampuli iko mkononi, na hakuna anayeipeleka maabara ya kemia. Kuongeza kipimo hicho kwenye safari ile ile kungegharimu sehemu ndogo ya bei ya msingi. Hili ndilo ninalolipigia kelele kuliko yote.

Upimaji unaofaa huanza bila kugusa ardhi. Mtu hukaa na historia: ramani za zamani, picha za angani, majalada ya ardhi, na juu ya yote wazee waliofanya kazi pale. Mzee aliyekuwa fundi mitambo anakumbuka tangi lilikuwa wapi, bomba lilipasuka mwaka gani, maji ya rangi yalielekezwa mtaro upi. Saa moja ya kumsikiliza inaokoa mashimo ishirini ya kubahatisha. Wazee hawa wanaondoka. Kiwanda kilichofungwa miaka 30 iliyopita, fundi wake mkuu leo yuko kwenye miaka ya themanini.

Baada ya hapo ndipo sampuli huchukuliwa, nyingi zaidi pale historia ilipoonyesha kidole, na kwa kina tofauti, maana udongo wa juu na wa mita tatu chini husimulia mambo tofauti. Kwa metali kuna kifaa cha mkononi, umbo lake kama bunduki, kinachopiga miale ya eksirei na kutoa jibu kwa dakika moja hivi. Kinasaidia kujua wapi pa kuchimba, kisha sampuli chache huenda maabara kuthibitishwa. Uchafu huwa hausambai sawasawa. Kiwanja cha ekari tatu kinaweza kuwa kizima kote, ila kona moja yenye ukubwa wa chumba ikawa balaa. Anayechanganya udongo wa kona zote kwenye ndoo moja ili apate "wastani" huificha kona hiyo.

Kusafisha kwenyewe

Njia inayopendwa duniani kote ni kuchimba na kupeleka kwingine. Ni ya haraka, inaeleweka, mwekezaji anapata kiwanja chake ndani ya wiki. Nayo ni halali kabisa kama huko kwingine ni shimo lililoandaliwa, limetandikwa mfinyanzi na plastiki nzito, na maji yanayochuruzika chini yanakusanywa. Dampo la kawaida la taka za majumbani si mahali pake, na bonde la mtu la kujaza si mahali pake kamwe. Jiji letu linaijua vizuri hadithi ya kuhamisha. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa moshi na uvundo wa dampo, wakashinda. Dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu Kinyamwezi. Kila lilipohama lilimkuta mwingine.

Kwa mafuta, ningependa wajenzi wetu wajifunze kutumia vijidudu. Udongo unatandazwa au kupangwa marundo juu ya plastiki, unachanganywa na samadi au mbolea ya naitrojeni, unamwagiwa maji usikauke, unageuzwa mara kwa mara upate hewa. Vijidudu hufanya kazi iliyobaki. Katika nchi za baridi kazi hii hulala majira yote ya baridi. Joto la Dar es Salaam halilali. Dizeli inaweza kupungua sana kwa miezi michache. Inachodai ni nafasi, plastiki isiyotoboka, paa au turubai la kuzuia masika, na mwekezaji mwenye subira ya miezi hiyo. Udongo ule mweusi uliofika kwetu ungeweza kutibiwa pale pale ulipotoka.

Metali haziliwi na kidudu chochote, kwa hiyo hufungwa. Udongo huchanganywa na saruji au chokaa ili metali isichuruzike na maji, au risasi huwekewa fosfeti igeuke madini yasiyoyeyuka kwa urahisi. Kromiamu, metali nyingine ya viwandani, ina tabia ya pekee: aina moja, iitwayo kromiamu sita, husababisha saratani na hutembea na maji, ikikutana na chembe au unga wa chuma hugeuka kromiamu tatu, ambayo ni tulivu zaidi. Viyeyushi vilivyobaki kwenye udongo usiofikiwa na maji huvutwa kwa pampu kama mvuke. Vikishazama, maji ya ardhini hupampiwa juu na kuchujwa, kazi ya miaka.

Kuna pia kuosha. London walipojiandaa kwa Olimpiki ya 2012 walichagua bonde la mto Lea, upande wa Stratford, ardhi iliyokuwa imechakazwa na viwanda kwa zaidi ya karne. Walijenga pale pale walichokiita hospitali za udongo: mashine zinazochekecha na kuosha, mchanga na kokoto vinatoka safi, tope jembamba lenye sumu linabaki kidogo na ndilo linalopelekwa kwenye shimo maalumu. Siri yake ni kwamba sumu hupenda kushika chembe ndogo ndogo. Ukizitenga hizo, umepunguza mzigo wa kusafirisha. Sehemu kubwa ya udongo ilirudishwa ardhini hapo hapo. Kwa mchanga wetu wa pwani, wenye chembe kubwa, naamini njia hii ina nafasi kuliko tunavyoipa.

Watu huniuliza sana kuhusu mimea inayonyonya sumu. Ipo, na ni ya polepole mno. Kwa risasi unaweza kusubiri vizazi. Tena mmea ulionyonya metali ni taka, haupelekwi sokoni. Hapa tuna somo la nyumbani: watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, wakachapisha mwaka 1999 kwamba zimebeba metali nzito. Mchicha ulikuwa unasafisha bonde kwa njia yake, na sisi tulikuwa tunaula.

Vikuge

Kama kuna mahali ningependa kila mwanafunzi wa mipango miji apelekwe, ni Vikuge, Kibaha, mwendo mfupi kutoka jijini. Hapakuwa na kiwanda. Palikuwa na shamba la serikali na banda. Mwaka 1986 lilipokea kama tani 170 za viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, baadhi vikiwa vimeshapita muda wake, DDT ikiwemo. Banda likachakaa, likaanguka, mvua zikanyesha juu ya magunia. Wanakemia wetu walipokwenda kupima zaidi ya muongo mmoja baadaye, udongo wa pale ulikuwa na DDT kwa viwango vya kutisha, mahali pengine sumu ikihesabika kwa asilimia ya udongo wenyewe.

Hakuna aliyekusudia. Hakukuwa na moshi wala bomba la maji machafu, mambo ambayo macho yetu yamezoeshwa kuyatafuta. Kilichoifanya ardhi ile iwe sumu ni kitu kuwekwa kisha kusahauliwa. Viwanja vingi vya zamani vya Dar es Salaam ni vya aina hiyo: ghala lililowahi kuweka dawa za kilimo, kona iliyowekwa transfoma, stoo ya rangi.

Nani alipe

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inabeba kanuni ya kwamba mchafuzi ndiye mlipaji, na inaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira. Mwaka 2007 zilitoka kanuni za viwango vya ubora wa udongo. Zipo pia kanuni za taka hatarishi, zinazotaka kibali na hati ya kusafirishia. Kwenye karatasi hatuko uchi.

Shida ya kwanza ni kwamba mchafuzi mara nyingi hayupo. Shirika la umma lilivunjwa, likauzwa, likauzwa tena, kampuni ikafa. Anayebaki ni mwenye hati wa leo, ambaye hakumwaga hata tone, na serikali. Jirani zetu wa Mombasa walipita njia ndefu. Mtaa wa Owino Uhuru ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Baada ya mapambano yaliyoongozwa na mwanaharakati Phyllis Omido, mahakama ya Kenya mwaka 2020 iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na mazingira yasafishwe. Rufaa ikaupindua uamuzi huo, na mwishoni mwa 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Watoto waliokuwa wanatambaa kilipofungwa walikuwa wameshapita miaka kumi.

Nigeria ilitufundisha mpangilio wa kazi. Mwaka 2010 huko Zamfara, vumbi la risasi kutoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani liliua watoto zaidi ya 400. Watu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa ya kutoa risasi mwilini, lakini walishikilia kwamba ua wa nyumba usafishwe kwanza. Kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye vumbi lile lile kusingemponya.

Shida ya pili ndiyo iliyonirudisha kwa yule dereva wa tipa. Udongo hauitwi taka hatarishi mpaka mtu aupime. Usipopimwa, unaitwa kifusi. Na kifusi hakina kibali, hakina hati, kina bei tu, na hushuka mahali penye mabonde na watu wanaojaza: Kinyerezi, Vingunguti, Jangwani, kando ya Msimbazi. Kwa hiyo mwekezaji anapata kiwanja safi mjini, na sumu inagawiwa kwa rejareja kwa watu wasio na maabara.

Mlango wa kuzuia hili upo tayari, haudai sheria mpya kubwa. Kiwanja cha viwanda hakiwezi kuwa cha makazi bila maombi ya kubadili matumizi ya ardhi. Maombi hayo hupita mezani kwa mpango miji, yana ramani, yana ada, yana tangazo la kuwapa majirani nafasi ya kusema. Hapo ndipo ripoti ya udongo inapaswa kudaiwa, kabla ya kibali cha kubomoa. Kiwanja kilichokuwa cha biskuti kitapita kwa kurasa mbili za historia. Kilichokuwa cha betri kitatoa vipimo. Na tipa litakalotoka pale litoke na karatasi inayosema udongo umetoka kiwanja kipi, umepimwa nini, unakwenda wapi. Barabarani trafiki huuliza leseni na bima. Karatasi hii haitamchukua dakika mbili.

Wakati hayo hayajafanyika, mtu anayejaza kiwanja chake leo asikae kimya. Simama tipa linapomwaga. Udongo wenye rangi ya lami, wenye kung'aa kwa mafuta, wenye harufu ya petroli, tina ya kuyeyushia rangi au dawa ya mbu, wenye vipande vya ganda la betri au vya mashiti ya kijivu, ukatae kabla haujagusa ardhi, na mwambie mwenyekiti wa mtaa namba ya gari na mahali ulikotoka. Risasi haina rangi wala harufu, kwa hiyo udongo unaopita mtihani wa pua bado unaulizwa asili yake. Kama umeshajaza na una wasiwasi, usichimbue. Weka juu yake udongo safi wa unene wa futi moja, otesha majani yakafunike vumbi, zuia kuku na watoto kwenye kona inayotiliwa shaka, osha mikono ya watoto kabla ya kula, na deki sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Sampuli zinaweza kupelekwa kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mchicha na matembele yapandwe kwenye magunia yenye udongo ulionunuliwa kwa wauza miche, yasiguse ardhi, na maji ya kumwagilia yasitoke kwenye kisima cha hapo mpaka nacho kipimwe.